Saa za Shule Juba: Kuongeza au Kujaza?

Kwa miaka miwili mfululizo joto lilipanga kalenda ya shule za Sudan Kusini. Tarehe 18 Machi 2024 madarasa yalifungwa nchi nzima baada ya utabiri kwamba joto lingefika nyuzi 45. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Februari 2025, serikali ilitangaza kuzifunga tena shule kwa wiki mbili. Naibu waziri wa elimu, Martin Tako Moi, alieleza kuwa kwa wastani wanafunzi 12 walikuwa wakizimia kila siku katika jiji la Juba. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini milango ilipofunguliwa, wazazi walibaki na swali ambalo bado halijapata jibu lililonyooka: masomo yaliyopotea yatarudishwa vipi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watoto wakae shuleni muda mrefu zaidi. Katika soko la Custom mjini Juba hoja hii ina nguvu ya pekee. Hapo Waganda, Wakenya, Wakongo na Wasudan Kusini waliorudi kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya na kambi za Uganda wanauza bega kwa bega, na wengi wao walisoma katika shule ambazo mwanafunzi hutoka jioni, au wana watoto wanaosoma huko hadi leo. Wakimtazama mtoto wa jirani anayerudi nyumbani saa saba mchana na ukurasa mmoja ulioandikwa katika daftari, wanaona anapunjwa. Hisia hiyo ina msingi. Kama dawa yake ni kurefusha siku ya shule, hilo ndilo la kuchunguza.

Mambo matatu yanayochanganywa

Mjadala huu unakwama kwa sababu watu hutumia neno moja kwa mambo matatu tofauti. La kwanza ni kurefusha siku yenyewe, yaani shule iliyokuwa ikifunga saa saba mchana iendelee na ratiba rasmi hadi saa tisa au saa kumi, kwa watoto wote na bila malipo ya pembeni. La pili ni kurefusha muhula au mwaka, ili siku zilizopotea kwa joto, mafuriko au vurugu zifidiwe kwa kula sehemu ya likizo. La tatu ni tuisheni: masomo ya ziada baada ya kengele ya mwisho, kwa anayelipa.

Kila moja lina gharama zake na walipaji wake. Muhula ukirefushwa, anayebeba mzigo ni mwalimu ambaye tayari anadai mishahara, pamoja na familia zinazowategemea watoto wakati wa kilimo. Tuisheni inabebwa na mfuko wa mzazi, na inamwacha nyuma asiye nacho. Siku ikirefushwa, mzigo mkubwa unaangukia jengo, chakula na mwili wa mtoto. Tuisheni ina hatari nyingine inayojulikana kote Afrika Mashariki: mwalimu anaweza kuacha mada nusu asubuhi ili aimalize mchana kwa wanaolipa. Kenya iliona jambo hilo likifika mbali kiasi cha kulitungia sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba shule ya mwanawe "inaongeza muda" ana haki ya kuuliza kwanza ni lipi kati ya hayo matatu. Uchambuzi huu unahusu hasa lile la kwanza.

Siku ya shule ilivyofika hapa ilipo

Ufupi wa siku ya shule katika maeneo mengi ya Juba haukutokana na nadharia ya elimu. Ulitokana na uhaba. Shule za msingi nyingi huanza kama saa mbili asubuhi na kufunga kati ya saa saba na saa nane mchana, na pale wanafunzi walipozidi vyumba, jengo moja hutumika kwa zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Zamu ya mchana ndiyo iliyowafungulia mlango watoto ambao wasingepata nafasi kabisa. Tusilisahau hilo tunapoilaumu. UNICEF imekuwa ikikadiria kuwa watoto wapatao milioni 2.8 wa nchi hii hawako shuleni.

Juu ya uhaba huo kukaja kufungwa kwa shule. Kutokana na korona, shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Mei 2021. Mtoto aliyekuwa darasa la pili wakati huo alikosa ule mwaka hasa ambao mtoto hujifunza kusoma. Kisha mafuriko, kisha joto. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya Sudan Kusini katika ardhi ya Sudan lilipasuka, mapato ya serikali yakaanguka, na watumishi wa umma, walimu wakiwemo, wakakaa miezi bila mshahara. Mwalimu asiyelipwa hutafuta riziki: anaendesha boda boda, anauza muda wa simu, au anafundisha shule mbili za binafsi kwa siku moja. Saa zilizoandikwa kwenye ratiba ya shule ya serikali zinabaki ukutani.

Jambo moja dogo halitajwi sana, nalo lina uzito katika mjadala huu. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikatoka kwenye majira ya Nairobi na Kampala na kuingia majira ya Khartoum na Kigali. Saa nane mchana ya leo mjini Juba ni ile iliyokuwa ikiitwa saa tisa kabla ya hapo. Jua linafika utosini karibu na saa sita kamili, na joto la hewa hufikia kilele chake saa mbili au tatu baadaye. Shule iliyoacha ratiba yake kama ilivyokuwa ilijikuta imesogea ndani ya joto kwa saa nzima bila kubadilisha hata kipindi kimoja. Anayependekeza leo kwamba vipindi viendelee kutoka saa saba hadi saa kumi anapendekeza, pengine bila kujua, zile saa tatu kali kuliko zote za siku.

Hoja za wanaotaka siku irefushwe

Hoja yao ya kwanza ni ya wakati. Mtaala wa taifa uliozinduliwa mwaka 2015 unataka majadiliano, kazi za vikundi na majaribio, na hayo hayawezekani katika kipindi cha dakika 35 chenye watoto 80. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, ilhali mtoto wa Juba anazungumza Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer au Kiswahili nyumbani. Mwalimu mwema anasema sentensi kwa Kiingereza, anairudia kwa Kiarabu cha Juba, na pengine anaongeza neno la Kiswahili kwa waliotoka Kakuma. Somo moja linakula muda wa masomo mawili. Kitabu kimoja kikishirikiwa na watoto wengi, kinachofuata ni kunakili ubaoni: mwalimu anaandika, watoto wanaandika, kengele inalia kabla hajaeleza alichoandika. Yeyote aliyechungulia darasa la namna hiyo anaelewa kwa nini watu wanalilia muda.

Hoja ya pili ni ya usalama, na kwa wafanyabiashara wa Custom huenda ndiyo inayowagusa zaidi. Mama anayeuza vyombo au nguo hafungi kibanda kabla jua halijakaribia kuzama. Mtoto anayetoka shule saa saba ana saa tano za kuwa peke yake, na saa hizo anazimalizia katikati ya raksha, boda boda na magari ya abiria. Wapo wanaoanza kwa kuzurura, wakaingia kuuza maji ya chupa au kung'arisha viatu, na baada ya muda shule ikawa jambo la hiari. Kwa msichana hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa anayeonekana nyumbani mchana kutwa huhesabiwa haraka kuwa tayari kwa ndoa. Shule inayomshikilia hadi saa tisa inampa kinga ambayo sheria peke yake haijaweza kumpa.

Hoja ya tatu ni ya usawa. Mtoto wa mwenye uwezo tayari ana siku ndefu: yuko shule ya binafsi yenye walimu kutoka Uganda na Kenya, au amepelekwa bweni Kampala, Arua au Eldoret. Siku fupi inabaki kwa maskini. Kuirefusha kwa wote kungepunguza pengo hilo bila kumtoza mzazi senti.

Hoja hizi ni nzito, na wanaozipuuza kwa kusema tu kwamba "watoto watachoka" hawajawatendea haki wazazi wanaozitoa.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi kubwa ni la hesabu. Tuseme shule ina vyumba 10 vyenye watoto 60 kila kimoja kwa kila zamu. Zamu mbili zinahudumia watoto 1,200. Ukirefusha siku hadi saa kumi bila kujenga, zamu ya mchana haina pa kukaa, na watoto 600 wanatoka nje ya lango ili 600 wengine wasome zaidi. Njia ni tatu tu: ni kujenga vyumba 10 vingine, kuwabana watoto 120 katika chumba kimoja, au kuwatoa. Katika nchi yenye mamilioni ya watoto nje ya shule, mpango unaotoa watoto ili kuongeza saa ni mpango mbaya hata kama kila saa iliyoongezwa ni ya dhahabu.

Pingamizi la pili ni mwili. Madarasa mengi ya Juba yameezekwa mabati bila dari, mengine yana hata kuta za mabati, na hakuna umeme wa kuzungusha feni. Bati likishapigwa na jua tangu asubuhi, mchana linamwaga joto chini kama jiko. Watoto wengi wanafika bila kifungua kinywa na kukaa hadi adhuhuri kwa kikombe cha maji. Shule zinazopata mlo kupitia Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zinaweza kuwaweka watoto muda mrefu zaidi. Zisizo na mlo zinaweza kuwaweka pia, lakini hawatakuwa wakijifunza.

La tatu ni kazi za nyumbani. Watu wa mjini hulisema hili kwa aibu, lakini ndilo linaloamua mahudhurio. Anayechota maji, anayemtunza mdogo wake, anayekaa kibandani mama akienda kufuata mzigo, mara nyingi ni mtoto wa shule. Siku fupi inamruhusu kufanya yote mawili. Siku ndefu inamlazimisha achague, na familia isiyo na uhakika wa chakula cha jioni huchagua kibanda.

La nne ni la wale ambao mchana wa mtoto una kazi nyingine ya malezi. Familia za Kiislamu hupeleka watoto madrasa baada ya shule. Indonesia ilijifunza hili mwaka 2017: agizo la waziri wa elimu Muhadjir Effendy la kuwaweka watoto shuleni saa nane kwa siku lilipingwa vikali na jumuiya ya Kiislamu ya Nahdlatul Ulama, ambayo madrasa zake hufundisha mchana, hadi Rais Joko Widodo akatoa kanuni mpya iliyofanya siku ndefu kuwa hiari.

Saa iliyopo inakwenda wapi

Kabla ya kuamua kuongeza saa, ni haki kuuliza zile zilizopo zinatumikaje. Hapa ndipo ushahidi wa Afrika unapouma. Uchunguzi wa Benki ya Dunia katika nchi saba, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, uligundua kuwa siku ya shule iliyopangwa kuwa na takriban saa 5 na dakika 27 za masomo ilimfikishia mtoto saa 2 na dakika 46 tu za kufundishwa. Takriban nusu ya siku ilipotea. Sehemu ya hasara hiyo ni walimu ambao hawakufika shuleni kabisa. Sehemu nyingine, ya kusikitisha zaidi, ni walimu waliokuwepo shuleni lakini hawakuingia darasani.

Sudan Kusini haikuwa miongoni mwa nchi hizo saba, lakini sioni sababu ya kuamini kuwa nchi ambayo walimu wake wanakaa miezi bila mshahara inafanya vizuri kuliko Kenya. Tazama siku ya kawaida ya shule. Kengele inalia saa mbili, gwaride linachukua dakika 20 au 30, mwalimu wa kwanza anaingia saa mbili na nusu. Mapumziko ya nusu saa yanageuka dakika 50 kwa sababu foleni ya maji ni ndefu na bomba ni moja. Kipindi cha mwisho hakina mwalimu. Ameondoka kuwahi shule ya binafsi. Hakuna aliyefanya ubaya mkubwa, lakini mtoto amepoteza zaidi ya saa moja.

Wiki mbili za kufungwa, kwa shule yenye saa tano kwa siku, ni saa 50. Ukiongeza saa moja kila siku utazifidia kwa wiki 10, kwa sharti kwamba kila saa ya ziada ifundishwe kikamilifu, katika joto, na mwalimu aliyeshiba. Ukiokoa dakika 40 zinazopotea kila siku kati ya gwaride, mapumziko na kuchelewa kuingia darasani, utazifidia kwa wiki 15, bila kumchelewesha mtoto hata dakika moja kwenda nyumbani na bila kuhitaji chumba kipya. Njia hii ya pili ni ya polepole, lakini haimtoi mtoto yeyote nje.

Yaliyowapata waliojaribu

Chile ndiyo nchi inayotajwa zaidi. Kuanzia mwaka 1997 iliziondoa shule zake kwenye nusu siku na kuzihamishia siku kamili, ikaongeza saa za masomo kwa karibu asilimia 30. Watafiti walipopima waliona alama zimepanda, ila kwa kiasi kidogo kuliko matumaini na gharama. Faida ya wazi zaidi ilionekana nje ya darasa: mimba za wasichana wadogo na uhalifu wa vijana vilipungua pale siku ndefu ilipofika. Hii inawaunga mkono wazazi wa Custom katika hoja yao ya usalama, pengine kuliko katika hoja ya masomo. Ila Chile haikutoa agizo na kwenda kulala. Ilijenga madarasa na majiko, ikalisha watoto, ikalipa walimu saa za ziada, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Ethiopia iko karibu nasi zaidi. Ilipoacha mfumo wa zamu katika shule nyingi, siku ya mtoto ilitoka saa nne na kufika saa sita. Utafiti wa Kate Orkin, uliotumia takwimu za mradi wa Young Lives, ulionyesha kuwa uandishi na hesabu za watoto ziliimarika. Hiyo ni habari njema, na wanaosema kwamba saa za ziada hazina maana kabisa katika nchi maskini wanapaswa kuikubali. Lakini faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa mijini, wa familia zenye nafuu, na kwa wale ambao miili yao haikudumaa kwa utapiamlo. Mtoto mwenye njaa alipata kidogo. Yaani siku ndefu iliyotolewa kwa wote iliwanufaisha zaidi waliokuwa na nafuu, na hapo hoja ya usawa inayumba.

Kipimo kilicho safi kuliko vyote kinatoka jimbo la Haryana, India. Shule zilizoshiriki ziliongezewa saa moja kwa siku. Katika kundi moja, saa hiyo ilitumika kuwagawa watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa au umri, ili asiyejua herufi afundishwe herufi hata kama yuko darasa la tano. Katika kundi lingine saa iliongezwa bila mpango huo. Waliogawanywa kwa kiwango walisonga mbele katika kusoma kuliko wenzao. Kwa kuwa wote walipata saa ileile, kilichowatenganisha ni kazi iliyofanyika ndani yake. Mtafiti Victor Lavy naye, alipolinganisha alama za wanafunzi wa nchi nyingi, aliona muda wa ziada wa kufundishwa unasaidia, lakini katika nchi zinazoendelea unasaidia kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na nchi tajiri.

Kenya inatufundisha upande mwingine. Wazazi wengi wa Custom wanaitaja kama mfano wa shule zenye bidii, zinazoanza alfajiri na kumaliza usiku. Sheria ya Kenya inasema kinyume. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinataka vipindi vya shule za kutwa viwe kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vyama hadi saa kumi na dakika 45. Kinachoonekana mitaani, mtoto wa miaka minane akingoja basi la shule gizani, kinafanyika kinyume cha kanuni na kwa msukumo wa mitihani. Mwaka 2016 waziri wa elimu Fred Matiang'i alirefusha muhula wa pili na kufupisha wa tatu ili kudhibiti wizi wa mitihani. Muhula huo huo zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto. Sababu zilikuwa nyingi, na waziri mwenyewe alielekeza lawama kwa magenge ya mitihani. Ila urefu wa muhula na uchovu vilitajwa tena na tena na wanafunzi. Vijana waliobanwa mno hawakugeuka kuwa wasomi.

Upande wa asubuhi

Wanaodai siku ndefu karibu wote wanafikiria upande wa mchana. Kwa Juba, upande wenye nafasi ni wa asubuhi. Mwezi wa Februari jua huchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili. Ikiwa masomo yataanza saa moja kamili badala ya saa mbili, mtoto atatembea kwenda shule kukiwa kumekucha, atasoma saa nne bati likiwa bado halijawaka, na ataweza kuruhusiwa saa sita, kabla ya joto kali. Hiyo ni saa moja ya masomo yenye thamani ya mbili za alasiri.

Nayo ina gharama, na ni lazima zisemwe. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, kwa hiyo anayeamka saa kumi na moja alfajiri anapaswa kuwa amelala saa mbili usiku, jambo gumu katika chumba kimoja ambacho watu wazima wanapika na kuzungumza. Msichana anayechota maji kabla ya shule ataamka mapema zaidi ya kaka yake. Mwalimu anayeishi kitongoji cha Gumbo au Gudele atahitaji nauli ya raksha saa ambazo magari ni machache. Kwa sababu hizo ratiba ya asubuhi inafaa zaidi kuwa ya msimu, Februari hadi Aprili, kisha mvua zikishashika shule irudi kwenye saa zake za kawaida. Abraham Kuol Nyuon wa Chuo Kikuu cha Juba alipendekeza mwaka 2025 kwamba kalenda ya shule ipangwe kulingana na hali ya hewa ya kila jimbo. Mantiki hiyo inafaa kwa saa kama inavyofaa kwa miezi. Yambio haina joto la Juba, na hakuna sababu ya shule za miji hiyo miwili kugonga kengele kwa wakati mmoja.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona wazazi wanaotaka siku ndefu wako sahihi kuhusu tatizo, na kwa sehemu kubwa wamekosea kuhusu dawa. Mtoto wao kweli anapunjwa, ila anapunjwa kwanza ndani ya saa ambazo tayari zipo. Kumwongezea saa tatu za mchana katika darasa la bati, bila mlo, na mwalimu ambaye hajalipwa, ni kuongeza saa za kukaa tu. Na pale ambapo shule ina zamu mbili, kufanya hivyo ni kumnyang'anya mtoto mwingine nafasi yake. Hilo la mwisho kwangu halina mjadala.

Iko shule ambayo kurefusha siku kutaifaa: yenye zamu moja, yenye maji, mlo wa mchana, kivuli au dari, na walimu wanaolipwa saa za ziada bila kumtoza mtoto. Shule hiyo ianze na saa moja tu, isiongeze somo jipya, na saa hiyo iwe ya kusoma na hesabu kwa kiwango cha kila mtoto. Hoja ya usalama, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, inaweza kujibiwa hata bila vipindi. Uwanja wenye mti, maji, mtu mzima mmoja anayeaminika na vitabu vichache vinamweka mtoto mbali na barabara hadi mama afunge kibanda. Kamati ya wazazi ikishirikiana na wafanyabiashara inaweza kuanzisha mpango huo kabla wizara haijatoa waraka wowote.

Serikali nayo ina deni lake, na kubwa ni mshahara. Posho ya dola 40 kwa mwezi ambayo Umoja wa Ulaya uliwalipa walimu wa shule za msingi kuanzia mwaka 2017 ilikuwa msaada wa wafadhili kwa kipindi maalumu, si mbadala wa mshahara huo. Mwalimu anayelipwa kwa wakati ataingia kipindi cha mwisho. Asiyelipwa hatakiingia hata siku ya shule ikifika usiku.

Mzazi atakayekwenda kwenye mkutano wa shule wiki ijayo na kuambiwa kuwa watoto watabaki hadi saa kumi, aulize haya: zamu ya mchana itakwenda wapi, watoto watakula nini na maji yatatoka wapi, mwalimu atalipwa na nani, mwanangu atafundishwa nini katika saa hizo ambacho hafundishwi sasa, na binti yangu atarudi nyumbani kwa njia gani. Mwalimu mkuu mwenye majibu anastahili kuungwa mkono. Asiye nayo aombwe kwanza ahakikishe kipindi cha saa mbili kinaanza saa mbili.